Mgeuza Kurasa

Nimevaa koti la kuazima, mikono imezidi,
nimeketi kushoto kwake, nyuma kidogo ya bega,
hapa ukumbini Tukuyu, mvua ikigonga bati
kama wageni wasioalikwa.
Kazi yangu ni moja: kugeuza ukurasa,
nisikohoe, nisiangushe kivuli juu ya noti.

Noti zenyewe sizisomi.
Nilimwambia hivyo Vumilia Kihwele aliposhuka kutoka Iringa
na mkoba wake na viatu vya kubadilisha.
Akacheka: Sasa utajuaje pa kugeuza?
Nikamjibu, nitajua.

Kwenye tangazo mlangoni jina limekosewa,
wamelipunguzia silabi mbili lienee kwenye karatasi.
Andendekisye Mwakabumbila.
Mtunzi, wameandika. Sisi tulimwita Mizani,
karani wa kupima majani ya chai pale Katumba,
kalamu sikioni, miwani imefungwa kwa uzi wa kiroba,
akiimba uzito badala ya kuutaja,
kumi-na-nne, toa-mbili-za-kapu,
akina mama wakijibu ndaga, shingo zimekazwa na kamba.
Sikilizeni mkono wa kushoto:
ndiyo ile foleni ya saa kumi jioni,
na kile kidole gumba kinachorudi-rudi
ni mama Tusekile, analalamika kaibiwa kilo.

Aliandika usiku, nyuma ya karatasi za kupimia,
mistari mitano kwa rula yangu ya shule
ambayo mpaka leo sijarudishiwa.
Piano ilikuwa ya misheni, imevimba kwa unyevu.
Ndani yake aliwasha balbu ya wati arobaini ipate kukauka,
kwa hiyo usiku kucha, kupitia nyufa za mbao,
piano iling'aa kama nyumba yenye mgonjwa.
Mimi mtoto nilimshikia karatasi.
Alikohoa palepale kila siku, mwisho wa mstari wa tatu,
na kikohozi hicho ndicho alama yangu.

Sasa. Nageuza.
Vumilia hakutazama, amenyanyua kidevu tu.
Nimepatia.

Ukurasa wa sita kuna shimo.
Vidole vinapanda, do, re, mi, halafu pumziko,
halafu so, kama mtu aliyeruka dimbwi.
Jana kwenye mazoezi alisimama hapo.
Pazuri ajabu, alisema. Mtu alifikiri sana
mpaka kuacha kimya mahali ambapo kila sikio linadai fa.
Akanitazama nimthibitishie.
Nikasema, panya.
Panya walikula sufu ya kinyundo
msimu ule mvua ilipokataa kukoma,
na fa ile haikulia tena mpaka piano ilipopasuliwa kuni.
Aliandika alichokuwa nacho.

Vumilia alinyamaza muda mrefu.
Akabonyeza fa ya piano hii ya Mbeya,
iliyokuja na lori lililofuata viazi.
Ikalia safi, haina hatia.
Basi kesho niiweke? aliniuliza.
Sikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa kugeuza.

Tunakaribia. Mstari wa kwanza. Wa pili.
Mwinjilisti wa mbele amefumba macho, au amelala.
Safu ya pili mjane wake, bibi Syabumi,
ameshika mkoba kwa mikono miwili kama yuko benki.
Do. Re. Mi.
Kidole cha nne kinashuka, kinagusa kibao,
kinakaa juu yake
bila kukibonyeza.
Mvua inaingia hapo, kilo nzima ya mvua,
hakuna aliyetoa mbili za kapu.
Na kutoka safu ya pili mtu anakohoa.

Nageuza.